Kifungo cha Mfupa

Mwalimu aliweka kete nne juu ya meza, akaenda jikoni kuchukua chai yake, na aliporudi zilikuwa tano.

Hakushtuka. Mwenye mtoto wa miaka saba nyumbani akishtuka kila kitu kinapohama, hatafika uzeeni. Alijua ni kazi ya binti yake, ambaye tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza, hata mtaa mzima ukamsahau jina na kumwita Chiriku. Mwalimu akaichukua ile kete ya tano, akairudisha kwenye droo ya kabati, akaketi. Chiriku wakati huo alikuwa uani, akimweleza kuku mambo ambayo kuku hakuyauliza.

Mwalimu alifundisha historia, na alikuwa amechoka. Watoto walikariri miaka kama kasuku, wakaitapika kwenye karatasi ya mtihani, na wiki ya pili ukiwauliza mji wao umetoka wapi wanakutazama kama umewauliza njia ya kwenda mwezini. Basi likizo ya mvua ilipoanza akasema atawapa historia ya kuchezea. Mumewe, fundi wa majokofu, akamletea maboksi makubwa kutoka karakana. Akayakata kwa kisu cha mkate, akayabandika karatasi nyeupe kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, akachora njia inayozunguka kama gamba la konokono, yenye vituo sitini. Kila kituo kilibeba jambo lililowahi kuupata mji: kisima cha kwanza, songa mbele mbili, mafuriko yaliyochukua daraja, rudi nyuma tano, taa za kwanza za barabarani, tupa dadu tena.

Nyuma ya ubao akaandika kanuni kumi kwa mwandiko wake wa ualimu, kila herufi imekaa kwenye mstari. Ya kwanza ilisema ugomvi ukitokea mwamuzi ni Mama. Ya kumi ilisema mchezo ukishaanza kanuni hazibadilishwi, wala mchezo hauachwi katikati. Hii ya kumi iliandikwa kwa ajili ya Chiriku, aliyekuwa na tabia ya kutunga sheria mpya kila alipoona anashindwa.

Kete zilikuwa vifungo vya nguo. Cha njano, kilichotoka kwenye gauni lililombana, kilikuwa cha Chiriku. Chekundu na cha bluu vilikuwa vya mapacha wa jirani, na cha kijani cha Mwalimu. Cha tano kilikuwa cha akiba, kifungo cha mfupa, cheupe kilichopauka, alichokiokota kwenye ufa wa sakafu walipokuwa wakihamisha madawati kwenye stoo ya shule. Kilikuwa bado na uzi kwenye matundu. Alijaribu kuuchomoa uzi huo kwa sindano, kwa mkasi, hata kwa meno, ukakataa. Mumewe akakishika kwenye mwanga, akacheka. “Kifungo kisicho na shati,” alisema, “hicho ni kifungo cha maisha.”

Mwalimu naye alicheka. Baadaye maneno hayo yalimrudia mara nyingi.

Kituo cha arobaini na mbili kiliandikwa hivi: KARANTINI. KAA HAPA. HUTOKI MPAKA MWINGINE AFIKE. Hakukitunga kichwani. Alikuwa amesoma kwenye daftari kuukuu la mji kwamba mwaka wa ndui wagonjwa walifungiwa kwenye jumba la mawe, amri zikabandikwa mlangoni, na aliyeingia hakutolewa mpaka aje mwingine kuchukua kitanda chake. Jumba hilo ndilo lililokuja kuwa shule yake. Mumewe alikuna kichwa, akauliza kama hilo si kali mno kwa watoto. Akamjibu kwamba mtoto akikaa pale zamu tatu bila kusogea atakumbuka kuliko akisoma kurasa kumi. Alikuwa sahihi kabisa, na usahihi nao una siku zake.

Majini wa usiku watu wamewazoea. Wana taa zao, wana dua zao, wana milango ya kufunga. Huyu aliyeingia nyumba ya Mwalimu alipenda saa nane mchana, saa ya watu kusinzia baada ya chakula, mvua ikipiga bati na nyumba nzima ikiwa imelegea. Saa hiyo ndipo Mwalimu alipoanza kusikia sauti sebuleni, tok, tok, tok, kifungo kikigongwa juu ya kadibodi, taratibu, kama mtu anayehesabu asiye na haraka. Akiingia, hakuna mtu. Ila kifungo cha mfupa, alichokiacha ndani ya droo, kiko juu ya ubao, kwenye arobaini na mbili. Na hewa ya sebule ina harufu ya chokaa mbichi, ile ya ukuta uliopakwa jana, ilhali nyumba yao haijaonja chokaa miaka sita.

Alimuuliza Chiriku. Mtoto akaapa si yeye, na kwa kawaida yake akaongeza hadithi ndefu ya paka. Mwisho Mwalimu akaamua kukiacha kifungo pale pale, maana mtu hawezi kushindana na kifungo, na watoto wakakizoea. Mmoja wa mapacha alisema huyo ni mfungwa wao. Wakawa wanampa habari kila wakipita: huku nje kuna mvua, mfungwa, usijali.

Chiriku alikuwa na kosa moja ambalo mama yake alilipigia kelele mpaka sauti ikakauka. Alihesabu kituo alichosimama. Akitupa tatu, aligonga kifungo chake pale pale kilipo, tok, “moja,” kisha ndipo akasogea, “mbili, tatu.” Hivyo siku zote alikuwa nyuma hatua moja, na siku zote alishangaa kwa nini mapacha wanamshinda. “Pale uliposimama hapahesabiwi, mwanangu,” mama yake alimwambia. “Pale umeshafika.” Chiriku akajibu kwamba na yeye yupo, sasa kwa nini asihesabiwe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa haijapumua tangu asubuhi, umeme ulikuwa umekatika, na sebule ilikuwa na mwanga wa kijivu wa kutosha kuona vifungo tu. Chiriku alikuwa kwenye thelathini na tisa. Akatupa dadu, ikatua tatu. Akagonga pale pale, moja, akasogea arobaini, mbili, akasogea arobaini na moja, tatu, akapiga makofi kwa furaha, kwa sababu arobaini na moja ndicho kituo cha taa za barabarani na aliyefika hutupa tena. Mapacha wakalalamika kwa pamoja. Mwalimu alikuwa na madaftari themanini ya kusahihisha kwenye meza ya chumbani, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Aliinama, akakishika kile kifungo cha njano kwa vidole vyake mwenyewe, akakisogeza hatua moja mbele, mpaka arobaini na mbili.

Kifungo cha mfupa kiliruka kutoka kwenye ubao bila kuguswa na mtu. Kilianguka sakafuni, kikabingirika kwa ukingo wake, polepole, chini ya meza, kando ya miguu ya mapacha, kikazunguka kiti cha Chiriku na kulala. Chiriku alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa amesema, “Lakini mama, mimi nili,” na neno lililobaki halikuja.

Siku tatu hakusema. Alilala macho nusu wazi, mwili moto, akimeza maji kidogo kwa kijiko. Hospitali walimpima kila kitu kinachopimika, wakasema hawaoni ugonjwa, arudi nyumbani apumzike. Mama wa mapacha aliwafungia wanawe ndani, akamnong'oneza Mwalimu ukutani kwamba lile boksi lina jini, alichome. Mwalimu alijaribu. Alilitia kwenye jiko la mkaa, mkaa ukazima. Alijaribu kukinyanyua kifungo cha njano, na kilikuwa kimeshika kadibodi kama kimeota mizizi. Alijaribu, akilia, kuandika nyuma ya ubao kanuni ya kumi na moja, kwamba wote wako huru, na wino wa kalamu ukateleza juu ya karatasi bila kuacha alama, kwa sababu juu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, ilikuwa imeshaandikwa kwamba mchezo ukianza kanuni hazibadilishwi.

Fundi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba wa kitambaa, aliyevua viatu mlangoni akavipanga vizuri. Alinusa hewa, akaomba bakuli la maji, akanong'ona juu yake muda mrefu, kisha akamnyunyizia mtoto usoni. Mtoto akashusha pumzi ndefu. Mzee akakusanya vitu vyake, akasema, “Ametoka.”

Chiriku akafumbua macho, akaomba maji. Fundi alimkumbatia huku analia waziwazi, na mama yake alipiga magoti akashukuru. Mzee alipokuwa akivaa viatu aliuliza ule mchezo umetokana na nini, na Mwalimu akamweleza habari ya jumba la mawe. Mzee akasimama kiatu kimoja mkononi. “Hao waliishi na kufa kwa amri ya karatasi ya mlangoni,” alisema. “Jini au mtu, sijui. Ila wanachokiheshimu ni kilichoandikwa.” Kisha akaenda zake mvuani, na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kumuuliza ni nani aliyetoka, na alitoka wapi.

Wiki iliyofuata fundi alikuwa mtu mwenye raha. Mtoto alikula alichopewa, akaosha sahani yake, akatandika kitanda chake shuka limenyooka kama la hospitali. Hakumsumbua kuku. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alikaa. Homa imemkomaza, fundi aliwaambia wenzake karakanani. Mwalimu alimtazama bintiye akilala chali, mikono ubavuni, vidole vimenyooka, hachukui nafasi zaidi ya upana wa mwili wake, na akaona jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu ni mama gani anayelalamika kwamba mwanawe amepona? Nywele za mtoto zilinuka chokaa. Alimwosha mara mbili, mara tatu. Zikanuka chokaa.

Na sebuleni, saa nane mchana, sauti ilikuwa imerudi, ila haikuwa ile ya mwanzo. Hii ilikuwa tok moja, kisha kimya, kisha tok moja tena, mahali pamoja, kwa hasira, kama mtoto anayegonga mlango ambao anajua kuna watu ndani. Siku ya nane Mwalimu alipanda kiti akaushusha ubao kutoka juu ya kabati. Kifungo cha njano kilikuwa pale pale, na kadibodi chini yake ilikuwa imebonyea shimo, kwa kugongwa na kugongwa na kugongwa bila kusogea. Alisimama akiwa ameushika ubao kifuani, akajua ni nani, kwa sababu mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu anayegonga hivyo, anayeanza kuhesabu pale alipo, na mtu huyo alikuwa humo ndani ya karatasi, akiendelea kusema moja, moja, moja, na hakuna aliyemruhusu kufika mbili.

Aliweka ubao mezani, akamwita mtoto.

“Tumalizie mchezo,” alisema.

Mtoto alisimama mlangoni. Alisema hapendi mchezo huo, wacheze mwingine. Mwalimu akaugeuza ubao, akamsomea kanuni ya kumi, neno kwa neno, kwamba mchezo hauachwi katikati. Mtoto aliyatazama maandishi yale jinsi mtumishi anavyomtazama mkubwa wake, akaja akakaa. Hakuuliza kete yake ni ipi. Alifungua droo Mwalimu alimokuwa amekirudisha kifungo cha mfupa, akakitoa, akakiweka kituo cha kwanza, mahali pa mchezaji mpya.

Walicheza mvua ikinyesha. Kifungo cha kijani kilikuwa kimeachwa arobaini na nane siku ile ya Alhamisi, kimeshapita. Hata angetaka kuingia yeye badala ya mwanawe, asingeweza. Kilichobaki ni kuomba dadu impeleke mwenzake pale. Mtoto alihesabu vizuri, kidole kimoja, bila kugonga alipo, kisima, mafuriko, soko, reli, na kila hatua iliyoangukia sawasawa ilimchoma Mwalimu moyoni, kwa sababu likizo nzima alikuwa akimfundisha binti yake kuhesabu hivyo hivyo, na sasa angetoa macho yake yote mawili kumsikia akikosea. Mwanga ulipungua. Harufu ya chokaa ilijaa sebuleni mpaka machozi yakamtoka. Mtoto akafika thelathini na tisa, akalitazama lile neno lililo mbele yake, akatupa dadu.

Nne.

Mtoto akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa na hofu kubwa, nalo lilimtia Mwalimu huruma kabla ya kumtia woga. Akahesabu: arobaini, moja, arobaini na moja, mbili, arobaini na mbili, tatu, akipita haraka juu ya kifungo cha njano bila kukigusa, arobaini na tatu, nne. Salama.

Kifungo cha njano kikagonga. Tok. Pale pale kilipo.

Mwalimu akaunyoosha mkono, akakishika kifungo cha mfupa. Kilikuwa baridi kama kitasa cha mlango alfajiri. Akakirudisha thelathini na tisa, akakigonga hapo hapo. “Moja,” alisema. Akakipeleka arobaini. “Mbili.”

“Umekosea,” mtoto alisema. Sauti ilikuwa ya Chiriku, lakini imepungua, inatoka mbali, kama iko nyuma ya ukuta mnene. “Pale uliposimama hapahesabiwi. Wewe mwenyewe ulisema.”

“Nilisema kwa mdomo,” Mwalimu alijibu. “Sikuandika. Kilichoandikwa ni kwamba mwamuzi ni mimi. Na katika nyumba hii tunahesabu hivi.” Akakisogeza arobaini na moja. “Tatu.”

Mtoto hakumrukia, hakupasua kioo, hakufanya lolote katika yale ambayo watu husimulia. Aliweka mikono yake midogo juu ya mkono wa Mwalimu, taratibu, akaushikilia hapo.

“Mwalimu,” alisema, maana hakumwita mama tena, “mimi nilikuwa wa mwisho. Walifunga mlango wakaenda. Nilingoja mwingine aje. Hakuja mtu.”

Mwalimu alimtazama. Aliona uso wa binti yake, na nyuma ya macho yale aliona mtoto wa watu, wa miaka saba au minane, ambaye hata daftari kuukuu la mji halikumwandika. Wakati huo huo kifungo cha njano kikagonga tena, mara moja, kwa uchovu. Mwalimu aliomba radhi. Aliomba kwa sauti, akilia, akimwita mwanangu, kwa sababu hakujua jina la kumwitia. Kisha akasema, “Nne,” akakiweka kifungo cha mfupa kwenye arobaini na mbili.

Kifungo cha njano kiliruka kikampiga mtoto kifuani.

“…kuwa sijamaliza kuhesabu!” Chiriku alifoka, akaangalia huku na huku, akauliza mapacha wameenda wapi, nani amemvika nguo hizi, kwa nini mama analia, na je, kuku amelishwa. Hakunyamaza mpaka baba yake alipoingia na viatu vya matope, na hata hapo hakunyamaza.

Sasa ni mwaka wa pili. Ubao umefungwa kwa kamba juu ya kabati, na hakuna atakayecheza tena, kwa hiyo hakuna mwingine atakayefika. Mwalimu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwandiko ni wake. Ameuliza ofisi ya mji, ameuliza wazee, amepekua kila karatasi ya mwaka wa ndui akitafuta jina moja tu la mtoto. Hajalipata. Kila siku saa nane hukaa chini ya kabati lile na kumweleza aliyeko juu habari za nje: kwamba mvua imekatika, kwamba shule imepakwa rangi. Husikia tok moja ya kujibu, hujifuta macho, huenda kusahihisha madaftari yake.

Chiriku ndiye anayepanga meza jioni. Huhesabu watu kwa kidole: huanza na yeye pale aliposimama, moja, kisha kwa baba, kwa mama, na kurudi tena kwake, nne. Nyumba ina watu watatu. Baba yake hufungua mdomo kumrekebisha, mkewe humtazama, naye huufunga. Sahani ya nne hubaki pale hadi watu wanapomaliza kula, na Mwalimu huiosha peke yake, kwa sababu ukingo wake huwa na alama za vidole vidogo, vyeupe kwa chokaa.